Panda, Shuka, Maliza

"Umekosea," Mama Matthew alisema, macho yake hayajatoka kwenye ungo wa mboga.

Kimeli akaishusha fluti. Wanaume wengine wakienda kwa kina mchumba hupokewa kwa chai na mandazi, wakaulizwa habari za mvua. Yeye kila Jumamosi aliamka Matisi, Kitale, akapanda pikipiki yake hadi Bokoli, akakalishwa sebuleni mbele ya kabati la vyombo, akahukumiwa na mama wa watu aliyekuwa akichambua mrenda.

"Nimekosea wapi, Mama?"

"Mimi nitajua aje? Kwani nilisomea hiyo firimbi yenu? Rakini ulikuwa unapanda vizuri tu, halafu hapo katikati ukakanyaga hewa."

Karibu na dirisha, binti yake Vivian aliuma mdomo asicheke. Alipouuma hivyo, vishimo vikajitokeza mashavuni mwake, na Kimeli akasahau kabisa alikuwa akipiga skeli gani, ngazi ipi ya noti. Hapo ndipo ugonjwa wake ulipokuwa. Fluti ni chombo cha pumzi, na mtu anayekatika pumzi kila mwalimu wake anapotabasamu hawezi kufika mbali.

Watu wasije wakamsingizia: mwanzoni alimfuata Vivian kwa ajili ya muziki kweli. Yeye alikuwa mpimaji wa maziwa katika chama kimoja cha wafugaji Kitale. Watoto wa kanisani kwao walikuwa wakimlilia awafundishe fluti, na wazazi nao wakataka mwalimu mwenye cheti. Akaambiwa yuko dada mmoja anayefundisha muziki katika shule ya sekondari mjini Bungoma, ambaye wikendi hurudi kwa mamake Bokoli na kuwaandaa watu kwa mitihani ya gredi. Akaja kutafuta gredi ya tano. Akapata na maradhi mengine juu yake, na zuri ni kwamba mwalimu naye aliambukizwa. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na Mama Matthew hakuwa kiziwi. Tangu agundue jambo hilo, mboga zote za boma lile zilichambuliwa sebuleni wakati wa somo.

"Ni A flati, Mama," Vivian alisema. "Hiyo inasumbua kila mtu." Akamgeukia mwanafunzi wake. "Kidole, bwana. Kidole cha shahada, mkono wa kushoto. Ukifika E flati ya katikati unakiinua. Si tumesema?"

"Nilikiinua."

"Ulifikiria kukiinua. Kidole hakikupata habari."

Akasimama, akaja nyuma yake, akakishika kile kidole kwa ncha za vidole vyake viwili, taratibu, akakiondoa kwenye kibonyezo. Mkono wake ulikuwa na joto na harufu ya sabuni ya maua. Kimeli akahisi moyo unapiga skeli zote za gredi ya tano kwa pamoja, bila mpangilio.

Mama Matthew akakohoa.

"Hicho kidore hakiwezi kuinuka chenyewe?"

"Kinaweza, Mama," Vivian alisema, akarudi kwenye kiti chake upesi.

"Basi kiinuke. Sasa wewe, Kimeli, nipigie ile ya matanga."

Mama Matthew hakujua meja wala maina, lakini kwa kusikiliza Jumamosi baada ya Jumamosi alikuwa amezipa skeli zote majina yake. E maina ilikuwa ile ya matanga. D meja ilikuwa ile ya kuku amejua mvua imeisha. Kromatiki, inayopita kila noti kwa hatua fupifupi, aliiita ile ya bibi arusi, kwa sababu bibi arusi wa Bokoli akiingia kanisani anaweza kumaliza asubuhi nzima kabla ya kufika madhabahuni. Akazitaja ovyoovyo, hii halafu ile, na Kimeli akapiga. Pasipo kujua, mama yule alikuwa akifanya hasa kazi ya mtahini, maana mtahini naye haombi skeli kwa utaratibu na mtu hupiga bila karatasi mbele yake.

"Na ile ya mlima," akasema mwishowe.

Hiyo ilikuwa A flati. Kimeli akavuta pumzi, akapanda. Alipofika katikati, kidole kikalala. Sauti ikapasuka.

"Wacha tu," Mama Matthew alisema, akaukung'uta ungo. "Wewe ni mtu wa kuanza. Kuanza kila mtu anaweza."

Neno lile lilimchoma Kimeli, na mama alikuwa amekusudia limchome. Mwanamke mmoja kutoka Kitale aliyeitwa Kabura, muuzaji vitunguu katika soko la Ndalu, alikuwa amemletea habari zote za kijana huyu: kwamba alianza ufundi wa magari akauacha njiani, kwamba alianza kufuga kuku na mabanda sasa yamebaki makao ya panya. Kabla yake alikuwepo kijana mwingine, aliyemchumbia Vivian akaanza hata kujenga nyumba, kisha akatoweka ukuta ukiwa umefika kwenye madirisha. Baba yake Vivian alishafariki, na Matthew, kaka yake, alikuwa na maisha yake mbali. Mama ndiye aliyemfuta binti yake machozi yale, na aliapa hatayafuta tena ya namna hiyo.

Jua lilipoanza kuinama, Vivian alimsindikiza Kimeli hadi pikipiki ilipoegeshwa, kando ya ua wa michongoma. Wakasimama mbalimbali kidogo, maana dirisha la jikoni lilikuwa linawatazama.

"Mamako hanipendi," Kimeli alisema.

"Anakupenda sana. Kwani asiyekupenda atakuwekea nyama ya kuku na wewe hata si mgeni tena?"

"Ati mimi ni mtu wa kuanza."

"Si ni ukweli?"

"Vivi!"

"Si ni ukweli, Kimeli? Niambie kitu kimoja umewahi kumaliza, nikampelekee sasa hivi jikoni."

Kimeli alitafuta kichwani, asipate. Aibu ikamwenea, na Vivian alipoiona ikamwingia huruma. Akapiga hatua moja mbele, dirisha au hapana dirisha.

"Sikiliza. Mimi nilishakujibu. Nilisema ndiyo, na ndiyo yangu haina tarehe ya kuharibika kama maziwa yako. Lakini mama yangu amebaki peke yake, na siwezi kuolewa kwa kumruka. Amesema hataki kusikia neno la posa kutoka kwa mtu ambaye hajamaliza alichokianza hapa nyumbani kwake. Mtihani ndio huo, wiki ijayo."

"Na nikianguka?"

"Ukianguka tutalia wote wawili. Halafu utarudia."

"Nakupenda, Mwalimu."

"Kanipende na kidole kikiwa juu," Vivian alisema, na safari hii hakuuma mdomo; alicheka waziwazi, na Kimeli akaondoka na kicheko hicho masikioni hadi Kitale.

Wiki ile ng'ombe wa Kitale wangeweza kutoa ushahidi. Kimeli alipiga skeli alfajiri kabla maziwa hayajafika, akazipiga mchana katika chumba cha matangi ambamo sauti ilizunguka vizuri. Mwenzake Job, aliyekuwa akipakua madebe, alimwambia, "Bana, hata mimi sasa nikilala naota napanda ngazi." Kimeli hakujali. Kila alipofika kwenye E flati alikiangalia kidole chake cha shahada kama mtu anayemwangalia mbuzi aliyezoea kuingia shambani.

Siku ya mtihani ikafika, katika ukumbi wa shule moja hapo Kitale. Vivian angempigia kinanda kwenye nyimbo zake. Kimeli alikuwa akimngoja langoni, amevaa suti, fluti kifuani, alipomwona Vivian akishuka kwenye gari. Akateremka na mtu mwingine nyuma yake, aliyevaa gauni la kanisani, kitambaa kichwani na leso mabegani, chupa ya chai mkononi.

"Mama! Na wewe umekuja?"

"Mulembe, Kimeli." Mama Matthew alimkamata mkono akautikisa kwa nguvu, kama ilivyokuwa desturi yake. "Kwani nimesikiliza hizi ngazi mwaka mzima ndio nisione mwisho wake? Nionyeshe mahali pa kukaa."

Alikaa kwenye benchi la nje, chini kabisa ya dirisha la ukumbi, dirisha lenyewe likiwa limekosa vioo vyake viwili. Asingekosa noti hata moja.

Ndani, mtahini alikuwa Bi. Nyambu, mama mpole mwenye miwani. Nyimbo zilikwenda vizuri. Kimeli alimtazama Vivian juu ya kinanda, Vivian akamtazama, na wakapumua mahali pamoja mwanzo hadi mwisho. Laiti mtihani ungekuwa huo tu! Lakini nyimbo zilipokwisha, mpiga kinanda hutakiwa kutoka. Vivian alipompita alimnong'oneza, "Kidole," kisha mlango ukafungwa.

"Haya, skeli sasa," Bi. Nyambu alisema. "E maina, tafadhali. Kwa kuunganisha."

Ile ya matanga. Kimeli akaipiga, na ilimtoka kwa huzuni safi.

"D meja."

Kuku akajua mvua imeisha.

"Kromatiki."

Bibi arusi akaingia, akatembea, akafika, akarudi. Bi. Nyambu aliandika kitu, akageuza ukurasa.

"A flati meja."

Kimeli aliinua fluti. Akaanza. Akapanda noti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, na pale katikati kidole kile, mwana haramu yule, kikalala. Sauti ikapasuka ikatoka kwa dirisha lisilo na vioo. Nje, benchi lililia, kama mtu ameinuka ghafla.

Hapo Kimeli wa zamani angefunga fluti yake. Alimjua vizuri mtu yule, aliyeacha magari, aliyeacha kuku, ambaye kila mara alikuwa na sababu nzuri. Mikono ilikuwa imeshaanza kuteremka. Kisha akamwona Vivian akilini, kando ya michongoma, akimwuliza ataje kitu kimoja tu.

"Samahani," akasema. "Naomba nianze tena."

"Anza."

Akaanza. Alipanda polepole, akiikanyaga kila noti kwa kisigino. E flati ikafika. Kidole kikainuka. Akapita, akafika juu, akageuka, akashuka, E flati ikaja tena kwa upande mwingine na kidole kikainuka tena, akashuka hadi noti ya mwisho akaishikilia mpaka pumzi ikaisha yenyewe.

"Asante," Bi. Nyambu alisema. Wala hakutabasamu wala hakununa. Ndivyo walivyo watahini.

Mlangoni alipishana na Vivian aliyekuwa akiingia na mwanafunzi wake mwingine, binti mmoja aliyeitwa Suad. Hawakuwa na nafasi ya neno. Kimeli alitoka nje na miguu myepesi, akamwona Mama Matthew amesimama kando ya benchi. Akanyoosha mkono.

"Mama, nimemaliza!"

Mama Matthew aliutazama mkono ule. Kisha, yeye ambaye alimtikisa mkono asubuhi ile ile mpaka bega likauma, alirudi nyuma. Akavuta leso akafunika kichwa na upande wa uso. Akageuka, akamwonyesha mgongo.

"Mama?"

Mama akaondoka. Kimeli akafikiri labda hakusikia, akamfuata. Mama akazunguka tangi la maji. Kimeli akazunguka kwa upande wa pili ili wakutane, na walipokutana mama aliguta, akarudi alikotoka mbio ambazo mtu asingemdhania.

"Mama, ni kwa sababu nilianguka? Nilirudia, Mama! Hukusikia nimerudia?"

Mlinzi wa lango aliacha kunywa chai yake akatazama. Mama Matthew alikwenda moja kwa moja hadi nyuma ya jengo la vyoo, akabaki huko.

Kimeli akakaa kwenye benchi, chupa ya chai ya mama pembeni yake. Basi yamekwisha. Kwao, upande wa mlimani, mama akikukubali hukushika mikono yote miwili, na akikukataa hukupa mgongo. Hakuhitaji mkalimani. Mwaka mzima wa Jumamosi umeanguka kwa sababu ya kidole kimoja. Machozi yalimjia, na alikuwa mtu mzima mwenye suti, lakini aliyaacha yaje.

Vivian alimkuta hivyo.

"Kimeli! Imekuwaje? Ulishindwa na A flati?"

"Niliipiga. Nilianguka, nikaomba nirudie, nikaimaliza. Lakini mamako amenikataa, Vivi."

"Amesema?"

"Hajasema. Nimempa mkono akaukataa. Akajifunika uso. Nikimfuata huku anakimbilia kule. Sasa hivi amejificha nyuma ya vyoo, ati hataki hata kuniona."

Vivian alimtazama. Vishimo vya mashavuni vikaanza kujitokeza. Akaweka mkono mdomoni, haukusaidia. Akacheka, akainama, akashika magoti, akacheka hadi machozi yakamtoka, na mlinzi akaamua leo hakuna haja ya kusikiliza redio.

"Unacheka nini? Mimi nakufa hapa!"

"Amejifunika uso?"

"Na leso!"

"Na hataki mkono wako?"

"Vivi, tafadhali."

"Kimeli, mpenzi wangu, wewe umeishi karibu na sisi maisha yako yote. Hujawahi kusikia Mbukusu na mkwe wake?" Akaketi, akamshika mikono yote miwili, hapo hadharani, mchana peupe. "Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawasalimiani kwa mkono. Hawakai chumba kimoja, hawali meza moja. Wakikutana njiani mmoja anapisha. Ni heshima. Mama alikuwa anakushika mkono kwa sababu ulikuwa mgeni, kijana tu wa firimbi. Mkwe ndiye anakimbiwa!"

Habari hizo Kimeli alikuwa amezisikia, kama mtu anavyosikia mambo ya majirani. Ila hakuwahi hata siku moja kuthubutu kujihesabu mkwe.

"Unamaanisha..."

"Namaanisha umeoa nusu, bwana. Na mimi hata sijaulizwa."

Kimeli aliruka kutoka kwenye benchi. Alimwinua Vivian juu, akamzungusha, suti ikaachia kifungo, na akapiga kelele ambayo haimo katika skeli yoyote ya gredi yoyote. Matokeo yangekuja yakija. Wakati huo hakukumbuka hata kwamba kuna matokeo.

Taabu ilikuwa ni chakula. Walikwenda kwenye hoteli ndogo nyuma ya soko, na ilibidi Vivian aingie kwanza akapange. Mama Matthew akapelekwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, baada ya Kimeli kusimama barabarani akiangalia upande mwingine hadi aitwe. Kisha yeye na Vivian wakakaa meza ya nje, wakaletewa ugali, sukumawiki na nyama ya kukaanga.

"Vivi!" sauti ikaita kutoka nyuma ya pazia. "Huyo mtu anakula?"

"Anakula, Mama."

"Aongeze. Hiyo firimbi inamaliza mtu tumbo."

"Mwambie Mama asante," Kimeli akanong'ona.

"Anasema asante, Mama."

"Nimesikia. Sijakuwa kiziwi." Kijiko kikagonga sahani kule ndani. "Mwambie nilikuwa kwa dirisha. Alianguka hapo kwa mlima, nikasimama. Nikasema, sasa huyu anatoka nje, kama kawaida ya wanaume wa kuanza. Hakutoka. Akarudi chini akapanda upya mpaka akamaliza. Mimi nilikuwa nangojea hiyo tu. Cheti mtajua wenyewe."

Vivian hakurudia maneno hayo, kwa sababu hakuweza. Macho yake yalikuwa yamejaa, na chini ya meza mkono wake uliutafuta mkono wa Kimeli, ukakipata kile kidole cha shahada, ukakishika sana.

Halafu pazia likatikisika kidogo, halikufunguka.

"Vivi! Muulize kama wazee wake wanaijua njia ya Bokoli."

Kimeli alisimama wima, kama aliyeitwa jina mahakamani, tonge bado mkononi.

"Mwambie hawaijui," akasema kwa sauti ambayo hoteli nzima ilisikia, "lakini mimi naijua hata nikifumba macho. Nitawaleta."

"Anasema atawaleta, Mama."

"Basi waje Jumamosi," Mama Matthew alisema. "Mimi nitakuwa jikoni."